Mgeni wa Wiki Mbili

Babu yake mzaa baba alikuwa seremala ambaye milango yake haikuhitaji kupigwa teke ndipo ifungike. Baba yake alikuwa tarishi, akaingia kaburini bila mtu kumdai barua iliyopotelea mikononi mwake. Yeye mwenyewe alistaafu jeshini akiwa sajini mpiga tarumbeta, na katika utumishi wake wote hakuna afande aliyepata kumwita mwongo. Ukoo wao haukuwa na mashamba wala mifugo. Mali yao ilikuwa neno lao. Ndiyo maana asubuhi ile, alipopiga magoti kulikunja godoro lake na kulifunga kamba ili likafichwe kwa jirani, mzee alijiona kama mwizi anayeiba vitu vyake mwenyewe.

"Na wembe, baba," alihimiza jirani, mke wa dereva wa magari ya jeshi. "Na kandambili. Hawa jamaa wa ukaguzi wana macho ya kunguru."

"Mimi ni wa kufichiwa kandambili?"

"Leo ficha, kesho vaa. Mjukuu umeshamfundisha la kusema?"

"Nimezungumza naye," alijibu mzee, akageuza uso.

Mwanawe na mkaza mwanawe wote walikuwa askari, na wote walikuwa mpakani. Mume tangu mwaka uliopita, mke tangu mvua zilipoanza. Aliyebaki na watoto katika kota ile ya vyumba viwili alikuwa yeye. Lakini kwa kanuni ya kambi, mzazi wa askari ni mgeni: hulala wiki mbili, kisha huondoka. Kota isiyo na askari, wala mke au mume wa askari, huhesabiwa kuwa tupu, hata kama watoto wawili wanakoroma ndani yake. Ikishachukuliwa, shule ya kambi huwafuta watoto hao. Na simu ya ofisi ya kambi, ambayo mama yao huipiga kila Jumapili kwa sababu huko aliko simu za mkononi zimekatazwa, ingelia bila wa kuipokea.

Kuzungumza naye, kweli alikuwa amezungumza naye. Alikuwa amemwita mjukuu wake, binti wa miaka tisa ambaye kwa ukakamavu wake mtaa mzima ulimwita Jemedari, akamketisha mbele yake ili amwambie aseme kwamba babu kafika leo. Mtoto akamtazama, mgongo wima, akingoja amri. Ulimi wa mzee ukagoma. "Kaza kamba za viatu," ndilo neno alilolitoa, akanyanyuka.

Sasa buti zilisikika zikishuka safu ya kota. Mlango uligongwa, sauti, kimya. Kisha mlango mwingine, wa karibu zaidi. Mzee alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Alisogeza kiti, akakirudisha pale pale. Mjukuu mdogo, wa miaka minne, aitwaye Helmeti kwa ukubwa wa kichwa chake, alimfuata nyuma akiuliza, "Babu, unatafuta nini?"

"Nyamaza, baba."

Luteni aliyeingia alikuwa kijana wa juzi, nguo zimenyooka, uso haujapata kunyolewa mara nyingi. Nyuma yake alikuja koplo na shada la funguo.

"Anaishi nani hapa?"

"Mama yao katoka kidogo, afande," mke wa dereva aliwahi. "Huyu mzee ni mgeni, kafika asubuhi hii kuwaona wajukuu."

Luteni akamgeukia binti. "Eti, babu kafika lini?"

Jemedari alibana visigino, mikono ubavuni. "Shikamoo, afande. Babu anaishi na sisi. Mama aliondoka mvua zilipoanza. Babu hulala pale chini ya dirisha, ila leo godoro lake limepelekwa kwa mama jirani."

"Na anakoroma!" Helmeti alichangia.

Koplo aliangua kicheko, kisha akakikatiza.

"Mzee," alisema luteni, "mtoto anasema kweli?"

Mke wa dereva alikohoa kikohozi kisicho na kifua. Neno moja tu la mzee lingetosha: watoto hubuni. Mzee alimtazama mjukuu wake. Uso wa mtoto haukuwa na hofu hata chembe. Ulikuwa ukingoja kusifiwa.

"Kweli tupu, afande."

"Basi mpaka Jumamosi nyumba iwe wazi. Kuna ofisa kaoa, anaingoja."

"Na hawa waende wapi?"

"Si wana kwao?"

"Kwao ni hapa. Waliowazaa wako mpakani, wanalinda usingizi wako."

"Mzee wangu, mimi sina neno na wewe. Ni kanuni." Akatoka, koplo nyuma yake.

"Umetumaliza, mwanangu!" mke wa dereva alishika kichwa.

Midomo ya Jemedari ilianza kucheza. "Babu, nimekosea?"

Mzee aliinama mpaka macho yao yakalingana. "Hukukosea. Akija mkubwa kuliko yule akakuuliza, mjibu vilevile."

Kisha akatoka nje. Luteni alikwisha kuinua mkono kugonga mlango wa pili.

"Kijana!" Hakumwita afande. Wanawake waliokuwa wakianika nguo waliacha. "Geuka unitazame ninaposema nawe. Nimewalea hawa waamini kwamba askari akiulizwa hujibu mara moja, na hujibu kweli. Leo mtoto wa askari amekujibu hivyo, na wewe umemfukuza nyumbani kwao. Shika neno hili, ukawape na vijana wenzako mnaogawana funguo: mkiifanya kweli ikose pa kulala, iko siku mtamhitaji mtoto huyu awaambie kweli, naye atawatazama tu asiseme kitu. Umesikia? Nijibu, kijana. Nimekuuliza, umesikia?"