Mapumziko ya Bi Mwanamize

Haroub alikuwa mtu wa kupenda sifa, na katika sifa zote za dunia aliyoipenda zaidi ni ya kumtunza mamake. Si vibaya. Wapo wanaopenda kusifiwa kwa gari, na wapo wanaopenda kusifiwa kwa mambo ambayo hata kuyataja ni aibu. Yeye alitaka tu ukipita Mtambile ukauliza nani anajua kulea mzazi, uoneshwe nyumba yake. Na kweli ulikuwa ukioneshwa.

Baba yake alipofariki, alimhamishia mamake, Bi Mwanamize, nyumbani kwake. Asubuhi ya kwanza bibi alisali, akatoka, akashika ufagio wa uani. Haroub akamnyang'anya kwa adabu. "Mama, kazi umeshafanya ya kutosha. Kaa kitako." Baada ya ufagio ikaja zamu ya jembe, kisha ndoo ya maji, kisha kinu. Msimu wa karafuu ulipofika, wanawake wa nyumba walijipanga barazani kuchambua, na Bi Mwanamize akajisogeza na ungo wake, maana kazi hiyo aliifanya tangu utotoni. Haroub aliporudi kutoka ofisini Chake Chake akamkuta mama katikati ya wenziwe, vidole vimemnata, anacheka mpaka mtandio umemvuka. Alikasirika vibaya sana.

"Watu wakipita watasemaje?" alimwambia mkewe, Rahila. "Kwamba nimemleta mama nimfanyishe kazi?"

"Mwenyewe kataka. Mwache anyooshe viungo."

"Weye ungemwacha mamako?"

Rahila alirudi kwenye karafuu zake. Mamake, Bi Siti, alikuwa akiishi kisiwani Fundo, na pamoja na uzee wake bado alishuka pwani maji yakitoka kwenda kuchokoa pweza. Haroub alilijua hilo na lilimuudhi siku zote. Aliwaona mashemeji zake watu wasio na haya, wanakula pweza wa mama mzee na kulala usingizi.

Basi Bi Mwanamize akakaa kitako. Alinunuliwa kochi la peke yake, la kitambaa cha maua, likawekwa mahali ambapo mgeni yeyote akiingia atamwona. Chai ililetwa hapo, chakula hapo, maji ya kunawa hapo. Siku moja aliyumba kidogo akiondoka kwenye sijda, akiinuka kusimama, na wiki ile ile Haroub akaleta kiti cha kusalia. Bibi alisema bado anaweza kusali kama watu. Haroub akaenda kwa shehe kuuliza, na shehe akamwambia asiyeweza ana ruhusa ya kiti. Haroub alirudi na neno ruhusa. Lile neno asiyeweza alilisahau njiani.

Mwaka huu, ilipokaribia Siku ya Wazee, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, alimjia. Kutakuwa na mkutano katika ukumbi wa skuli, wazee wataalikwa, na anatafutwa mtu wa kuzungumza namna nchi mbalimbali zinavyotunza wazee wao. Nani mwingine, jamani? Haroub alifurahi kama aliyeposewa.

Alikesha na simu yake kusoma. Alikuta kwamba wako wataalamu ambao kazi yao ni kuzipima nchi: wapi watu wanaishi miaka mingi, wapi wanazeeka na afya, wapi serikali inawajali. Nchi za Kizungu za baridi kule kaskazini ziko juu. Japani iko juu. Sisi, alisoma, tuko chini, na hapo damu ikamchemka. Chini vipi? Zanzibar si inampa kila mzee pensheni hata kama hakuwahi kuajiriwa? Na zaidi ya pensheni, sisi si tuna watoto?

Siku moja kabla ya mkutano alijipanga mbele ya kochi akamsomea mamake hotuba. Bi Mwanamize alisikiliza ametulia, mikono mapajani. Habari za nyumba za wazee za Ulaya hazikumshughulisha. Habari za Japani zilimfanya anyanyue uso.

"Bibi wa miaka tisiini," Haroub alisoma kwa uchungu, "bado analima bustani ya mboga! Yu peke yake, kainama na jembe, na watoto wake wapo mjini!"

"Hiyo bustani yakwe mwenyewe?" mama aliuliza.

"Yake, mama."

"Na kwenda, enda kwa miguu?"

"Kwa miguu, na jembe begani. Ona unyama huo."

"Na akishainama, kuondoka aondoka mwenyewe?"

"Sasa atanyanyuliwa na nani, mama, na hana mtu?"

Bi Mwanamize alitazama mlangoni. "Kajaaliwa," alisema.

Haroub alicheka. Alidhani mama anamkejeli Mjapani.

Ukumbi ulijaa. Wazee walikaa mbele, watoto wao nyuma, na Bi Mwanamize aliletwa kwa gari ingawa skuli haiko mbali na nyumbani. Haroub alimshusha kwa mikono miwili mbele ya macho ya watu, akamweka safu ya kwanza. Karibu naye alikaa Bi Siti, aliyekuwa amekuja kutoka Fundo kumwona mjukuu wake. Bi Siti kaivuka bahari, kapanda gari mbili, na bado alikuwa na nguvu za kuwatania wazee wa kiume kwamba wamevaa kanzu za arusi.

Hotuba ilipendeza, tuseme kweli. Haroub alijua kusema. Alipofika kwa yule bibi wa Japani na jembe lake, ukumbi mzima ulisikitika, na mtu mmoja nyuma akasema, "Astaghfirullah, hao hawana watoto, wana wapangaji!" Watu wakacheka. Kisha Haroub akamnyooshea mkono mamake. "Mimi huyu mama yangu hajagusa jembe tangu aingie kwangu. Hata maji hajitekei. Wazungu watupime kwa hili!" Wakampigia makofi, naye akakaa amejaa furaha hadi kooni.

Baada yake alisimama muuguzi, binti mmoja wa Wete anayeitwa Khairat, mwenye sauti ya chini. Alisema yeye hana hotuba, ana mchezo mdogo tu. Aliomba kila mzee aliye kwenye kiti aifumbate mikono kifuani, asishike kitu, asimame, akae, asimame tena. Nguvu za miguu ndizo zinazomwezesha mtu kwenda chooni mwenyewe, alisema, na kwenda msikitini, na kutoanguka.

Wazee walianza kwa kelele na utani. Baadhi walisimama kwa taabu, magoti yakilia. Bi Siti aliondoka kama mtu aliyeitwa, akakaa, akaondoka tena, akauliza kama kuna zawadi. Bi Mwanamize alifumbata mikono yake kifuani. Aliinamisha mwili mbele. Miguu ilitetemeka ndani ya kanga. Hakuondoka. Akajaribu tena, na safari hii alitoka kitini kidogo tu, akarudi kwa kishindo, na watu wakaacha kucheka.

Haroub alikwisharuka kumshika. "Mama hajazoea mambo haya," aliuambia ukumbi. Lakini alimsikia mamake akihema, na alimwona Bi Siti kasimama pembeni, mkubwa kwa Bi Mwanamize kwa umri, hajui aweke wapi macho yake. Alimwonea haya mkwewe yule kama mtu aliyekutwa na cha watu mkononi.

Mkutano ulipovunjika alimvizia Khairat mlangoni, na maneno yakamtoka kwa hasira. "Umemfedhehi mama yangu."

"Nisamehe, kaka, sikukusudia." Binti hakupandisha sauti. "Ana ugonjwa wowote? Kiharusi? Sukari?"

"Hana. Ni uzee."

"Anatembea nyumbani?"

"Atembee ya nini? Kila kitu anapelekewa."

Khairat alimtazama, na huruma aliyoiona Haroub machoni mwake ilimuuma kuliko karipio. "Wale wanaopima nchi, kaka, hawahesabu miaka peke yake. Wanauliza pia mtu kaishi miaka mingapi akijiweza. Mama amepumzika mpaka miguu imesahau. Sisemi itarudi yote. Kidogo inaweza, ikiwa ataachiwa afanye mwenyewe."

Haroub alirudi nyumbani na hakula. Alilala kifudifudi akayapitia moja moja, ufagio, jembe, ndoo, kinu, ungo, na kila alichokumbuka alijiona anakitoa mkononi mwa mamake huku akitazama barabarani nani anapita. Hatia ilimkaa kifuani. Angekuwa amemtupa mama, angalau watu wangemkemea mapema.

"Nimemdhulumu mama," alimwambia Rahila.

"Hukumdhulumu kwa ubaya."

"Lakini nimemdhulumu?"

Rahila aliendelea kukunja nguo. Alikuwa mke mwema, na uongo haukumjia haraka.

Asubuhi Haroub alikwenda akakaa chini, miguuni pa mamake, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni. Alimwomba radhi. Bi Mwanamize alimpa papo hapo, kwa wepesi ambao haukumpunguzia mwanawe kitu.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"N'kakwambia n'ni, baba? Kila mtu akija hapa anambia n'najaaliwa mtoto. N'kisema nataka jembe, n'takuwa n'nakutukanisha." Alivuta pumzi. "Mie jembe nishalisamehe. Hata kutembea nishakusamehe. N'takacho ni kimoja. Tangu uniletee kile kiti, uso wangu haujagusa chini. Nnasali hewani, Haroub. N'nataka kusujudu kabla n'jafa, na niondoke mwenyewe. Nikinyanyuliwa na mtu, miye kwangu haijawa sijda."

Haroub alilia, na mama akamwacha alie.

Wakaanza. Khairat aliwaonesha: kushika meza na kuondoka, kushika meza na kukaa, kutembea ukutani, kisha uani. Haroub aliona namna mama anavyouma mdomo, na kila siku alitamani kusema basi, mama, pumzika, na kila siku aliuma mdomo wake naye. Rahila alimrudishia bibi ungo na mchele wa kuchagua. Wiki zilipita. Mama alianguka mara moja, kwa bahati juu ya godoro, na Haroub akatoka nje, akaizunguka nyumba mara mbili kabla ya kurudi ndani. Lakini miguu ile ilianza kukumbuka. Ilifika siku Bi Mwanamize alifumbata mikono kifuani akaondoka kwenye kochi, akasimama, akashangaa mwenyewe.

"Leo," alisema alasiri moja, baada ya kusali kitini. "Sijda ya shukuru. Tandika msala."

"Tumngojee Khairat, mama."

"Tandika."

Alitandika. Mama akamkazia macho. "Usiniguse mpaka n'kwite. Hata ukiniona nataabika. Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

Alishuka kwa kushika ukuta, goti moja, kisha la pili, kisha viganja, na polepole sana, huku Haroub haoni kitu kwa machozi, uso ukafika chini. Akakaa hapo. Alinong'ona mambo mengi ambayo mwanawe hakuyasikia wala hakuwa na haki ya kuyasikia. Mabega yalitikisika. Kisha akaanza kuondoka.

Ilikuwa kazi ngumu. Alijinyanyua kwa viganja, akarudi. Akajinyanyua tena, akatambaa hatua moja mbele, akatafuta mahali pa kukanyaga. Pumzi zilisikika chumba kizima. Haroub alikuwa amesimama karibu, mikono kaifunga nyuma, anajishika mwenyewe kwa nguvu. Mama alifanikiwa kuutanguliza mguu mmoja. Unyayo ukakaa sawa. Akaweka mkono juu ya goti lile, akaanza kusukuma.

"Hodi humu!"

Alikuwa Bi Asya, jirani wa nyumba ya pili, keshaingia na sahani ya mkate wa kumimina kabla hajakaribishwa. Aliona bibi yu chini anataabika, na mtoto wa kiume, mtu mzima, kasimama anatazama.

"Toba! Haroub! Mamako yu chini kama mnyama, nawe wamwangalia tu? Kumbe ndivyo ulivyo?"

Nani ajuaye ulipita muda gani. Haukuwa mrefu. Haroub alisikia maneno yale yakitembea tayari Mtambile nzima, dukani, kisimani, msikitini. Na kabla hajafikiri, mikono yake ilikuwa imefunguka, imempitia mama chini ya kwapa, imemnyanyua juu kwa pamoja, kirahisi, maana hakuwa na uzito. Alimsimamisha. Alimtengeneza mtandio.

Bi Mwanamize alikuwa bado anahema. Unyayo wake ulitafuta chini pale ulipokuwa umekaa sawa.

"N'likuwa n'kiondoka, baba," alisema taratibu, jirani asisikie.

Bi Asya keshaweka sahani mezani, anajifuta macho kwa pembe ya kanga, hasira zimemwisha. "Mungu akupe radhi, mwanangu. Watoto kama nyinyi hawapatikani tena."

"Amin," alisema Haroub, akiwa bado amemshika mama, na mama hakumtazama.