Namba Zilizotulia Mno

"Fundi Noela, mita yako ya joto ina adabu!" Remmy, mtunza ghala la chanjo, alikuwa anapakia maboksi ya watoto wa Lusewa kwenye gari. "Tangu asubuhi namba hazijatikisika. Hata masista kanisani hawatulii hivyo."

Noela alicheka, halafu akaigeukia mita. Remmy alikuwa ametoka kufungua friji la tatu kutoa maboksi hayo, na namba yake haikupanda hata kidogo.

"Kaka, usiondoe gari."

Umeme uliporudi asubuhi alikuwa amepanga upya njia nane za mita, moja kwa kila friji. Akabonyeza kitufe mara moja kujaribu, namba zikatokea, akaenda zake kunywa chai. Kuiambia mita ianze kupima yenyewe kila dakika, alisahau. Saa sita nzima walikuwa wanasoma namba za asubuhi.

"Kwani kuna nini, dada? Unanitisha."

Noela aliishika mita, akakosea menyu mara mbili, mwishowe akaweka: kila dakika, njia ya kwanza hadi ya nane. Mita ikaanza kulia tik, tik, ikihama friji hadi friji.

La kwanza, nyuzi joto nne; chanjo hazitakiwi kuzidi nane. La pili, tano.

La tatu, kumi na tisa.

Mlango ukifunguliwa haupandishi joto namna hiyo. Friji halikuwa limewaka tangu umeme urudi.

Remmy aliitazama ile namba, utani ukamwisha. Akaenda kushusha maboksi, moja moja, taratibu kama anayebeba watoto wenyewe.