Behewa Kati ya Samaki

Bustani ile ya burudani ilikuwa ya mambo ya bahari tu. Lango lilikuwa mdomo wa papa, bembea zilining'inia kwenye mikono ya pweza, hata mapipa ya taka yalikuwa na umbo la kasa. Kisha mwenye bustani akapata behewa kuukuu, akalijengea stesheni nyuma ya pango la nyangumi, yenye benchi, saa ya ukutani na dirisha la tiketi. Akaajiriwa kondakta mstaafu wa reli, ambaye watu walimwita Filimbi, awapandishe wageni.

Behewa halikwenda popote, lakini Filimbi alifanya kazi kama zamani, koti limenyooka, viatu vinameta. Tatizo lilianza wageni walipomuuliza treni imefuata nini baharini. Aliwaelekeza dirisha la tiketi. Meneja alipotaka kujua kama sehemu ile inaendana na bustani nzima, Filimbi alisema stesheni haina kasoro. Ya samaki waulizwe samaki.

Meneja alikuna kichwa wiki nzima, akarudi na agizo kwamba kondakta avae mapezi. Mke wa Filimbi, fundi cherehani, ndiye aliyepewa kitambaa. Alimpima mumewe sebuleni, pini mdomoni, asijue acheke au asikitike.

"Mama watoto," Filimbi akasema, "hivi mimi sasa ni samaki au mtu wa reli?"

"Inua mkono nipime. Mimi pia sielewi."

Asubuhi alisimama mlangoni mwa behewa, mapezi ya buluu juu ya koti la reli. Bibi mmoja alimtazama juu hadi chini, akauliza kama treni inapita chini ya maji. Filimbi akajikuta amejibu kuwa inapita. Mwanamume aliyekuwa nyuma akauliza inakwenda kisiwa gani. Akajibu haiendi popote. Wale wawili wakatazamana, wakapanda, wakaanza kubishana maji yangeingilia wapi. Behewa likajaa wasikilizaji.

Meneja aliona umati ule kwa mbali, akatangaza kwamba sasa sehemu imekaa sawa. Filimbi hakuona kilichokaa sawa. Nyumbani alimsimulia mkewe yote, naye akauliza kama afumue mapezi.

"Subiri kwanza," Filimbi akasema. "Kesho nitawauliza abiria."

Mkewe akamtazama. "Abiria? Si wageni tena?"

Filimbi akabaki ameketi, kiatu kimoja mkononi, asijue amelikubali jambo lile saa ngapi.