Ombi la Nne Kwenye Barua

Kila baada ya miezi mitatu tuliandika barua ya maombi. Watu wengi wakimfikiria mmisionari wanafikiria mahubiri na ubatizo, lakini ukishatumwa nchi ya mbali na makanisa ya kwenu, ni lazima makanisa hayo yajue yanakuombea nini. Barua yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja: picha juu, habari za familia, kisha maombi matano yenye namba. Mume wangu alihubiri na kutembelea watu. Barua ilikuwa kazi yangu. Nilijifundisha mwenyewe kuchapa, kwa vidole vinne, na nilijivunia kwamba barua zetu hazikuwa na makosa.

Katikati ya mwaka wetu wa pili sikuwa na la kuandika. Kanisa letu lilikuwa chumba cha kupanga, ghorofani, juu ya duka la ushonaji. Tulikuwa watu tisa, na watatu kati ya hao ni sisi wenyewe: mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka minane ambaye kwa hasira zake za kuwaka na kuzimika tulimwita Kibiriti. Wengine walikuja kama mtu anayejikinga mvua, ikikatika wanaondoka. Kamati ya umisheni ilikuwa imetuandikia, kwa upole, kuuliza kuhusu matunda. Mume wangu aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akatembea nayo wiki nzima.

Mimi sikuwa na mfuko wa kutembea na kitu. Nilikuwa na chumba. Asubuhi nilimpeleka Kibiriti shule, nikafagia, nikafuta viti ambavyo havikukaliwa, kisha nikakaa. Sokoni niliweza kusema hii, ile, na ahsante. Kuna siku zilipita ambapo maneno yangu yote kwa watu wa nje ya nyumba yetu yalikuwa hayo matatu. Kibiriti akirudi alimwaga lugha yao kama maji, nami namwomba arudie polepole.

"Mama, wewe ungekuwa darasani kwetu ungekaa mbele kabisa," aliniambia siku moja. "Karibu na mwalimu. Pamoja na wale wanaosahau penseli."

Aliyeniokoa na ukimya huo alikuwa fundi wa duka la chini, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mdomo wake daima umebana pini. Nilishuka kwake mara ya kwanza na sketi ya shule ya kurefusha. Aliitazama sketi, akanitazama mimi, akanirushia koti kuukuu na wembe mdogo.

"Kaa. Mikono yako haina kazi. Fumua hiyo bitana."

Toka siku hiyo nilishuka kila alasiri, saa nane hadi saa kumi. Yeye alishona, mimi nilifumua. Alinisahihisha maneno bila kutoa pini mdomoni. Mumewe alikuwa mpiga rangi. Ndiye aliyepaka kuta za chumba chetu cha ibada, na nilibishana naye sana, kwa maneno machache na mikono mingi, kuhusu rangi ya dirisha. Fundi alisikia mabishano yale kutoka chini, akacheka hadi akaacha kukanyaga cherehani.

"Wewe na mume wangu mmezaliwa tumbo moja," alisema. "Wote wawili domo halina kifuniko. Basi wewe ni wifi yangu."

Akaanza kuniita wifi, na kunitania inavyostahili wifi: natembea kama bata, mume wangu ananivumilia kwa nguvu za Roho Mtakatifu tu. Jumapili akapanda ngazi, akakaa nyuma, na wiki iliyofuata akapanda tena. Sikumuuliza kwa nini. Niliogopa nikiuliza ataacha.

Mwezi wa tatu aliingia mteja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, akapimwa gauni. Fundi alimpima mkono mara mbili. Yule alipoondoka, Fundi alikaa, akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Nilizaa nikiwa na miaka kumi na saba," alisema. "Msichana. Siku ya tatu nilimwacha hospitali, watu wakamchukua. Mume wangu hajui. Kila anayeingia hapa wa umri ule, nikimpima mkono, naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Sijui. Ndiyo taabu yenyewe, wifi. Sijui naangalia nini."

Hakuniambia nisiseme. Hakuona haja.

Miezi mitatu baadaye, barua ikiwa tupu mbele yangu, niliandika ombi la nne: *Mwombeeni mama mmoja, fundi cherehani, anayefanya kazi chini ya chumba chetu cha ibada. Akiwa msichana alimwacha mtoto wake mchanga hospitalini, na mumewe hajui hadi leo. Analia kila siku. Mungu amguse.*

Sikuweka jina. Niliona hilo linatosha. Mume wangu aliisoma barua, akasema ni nzuri, ina uzito. Ikaenda kwenye makanisa sitini na mawili. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika, na nimeona ni vizuri niseme sababu zote. Kamati ilitaka matunda, hiyo ni moja. Nilitaka kweli aombewe, hiyo ni ya pili. Ya tatu ndiyo iliyoshika kalamu: nilitaka watu wa kwetu wajue kwamba huku nina mtu anayeniambia mambo yake.

Hakuna barua yetu iliyojibiwa kama ile.

Mwezi wa nane, Jumanne, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu la nyumbani alipiga simu. Huyu ni mama anayeongea na simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mama Kibiriti! Tunakuja watatu! Jumamosi tunafika, Jumapili tunaabudu nanyi! Na yule dada yetu fundi, mwambie asikose, tuna zawadi yake!"

"Zawadi gani, mama?"

"Kitambaa! Tumekidarizi akina mama arobaini, kila mmoja ua lake. Katikati tumeandika: Mungu anamwona mwanao. Tutampa mbele ya kanisa."

"Mmeandika kwa lugha gani?"

"Ya kwao! Tumemtafuta mtu akatutafsiria. Unatuonaje sisi?"

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu baada ya kukatika. Mpiga rangi alikuwa ameahidi kutuazima mabenchi Jumapili na kukaa kwenye ibada, mara yake ya kwanza. Angekaa pembeni ya mkewe. Angesoma.

Mume wangu alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya meza.

"Tutawaambia wageni wasitoe kitambaa," alisema. "Wala wasiguse habari hiyo. Wataelewa. Fundi hatajua."

"Watu elfu kadhaa wanajua jambo ambalo mume wake halijui."

"Ndiyo. Ila ukimwambia, Mama Kibiriti, hilo haligeuki. Unachopata ni kumuumiza tu."

Hakuwa mjinga kusema hivyo. Nililifikiria siku mbili. Nilijaribu kujiona nimekaa pale chini mwezi wa kumi, mwezi wa kumi na moja, nafumua, naitwa wifi, na mimi najua. Alhamisi saa nane na nusu nilishuka na barua mkononi.

"Umechelewa, bata," alisema Fundi. Alikuwa anaweka kola kwenye shati jeupe.

Nilisema kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Huna pa kujificha katika lugha usiyoijua vizuri; unasema jambo lenyewe tu. Mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio.

"Umeandika jina langu?"

"Hapana."

"Isome."

Nilisoma nikitafsiri, neno kwa neno. Nilipofika kwenye *analia kila siku* aliinua kidole.

"Mimi silii kila siku."

"Najua."

"Umewahi kuniona nalia?"

"Hapana."

"Hiyo umeshona wewe." Alichukua barua, akayatazama maandishi asiyoweza kuyasoma, akaipindua nyuma, akairudisha. "Ni watu wangapi?"

"Makanisa sitini na mawili."

"Nimeuliza watu."

"Sijui. Elfu kadhaa."

Nje watu walipita na mazungumzo yao. Nilitamani anitukane kama zamani, aniambie lolote kuhusu bata.

"Nilikuambia wewe," alisema mwisho. "Miaka thelathini na tatu sikumwambia mtu, nikakuambia wewe kwa sababu hukuwa na mtu wa kumwambia. Ulikuwa huna mtu hata mmoja. Nikaona, hapa ni salama."

Niliikunja ile barua.

"Sasa itabidi nimwambie mume wangu. Sitaki. Lakini umeshanitangulia kwa watu elfu, siwezi kumwacha awe wa mwisho." Akavuta ile kola karibu na sindano. "Nenda juu, mama mchungaji. Shati hili linachukuliwa saa kumi."

Nilipanda. Katika nchi ile yote hakuna aliyewahi kuniita mama mchungaji isipokuwa mwenye nyumba, akidai funguo.

Wageni walifika Jumamosi. Mwenyekiti wa akina mama alinikumbatia hadi miguu yangu ikaacha sakafu, akafungua sanduku hapo hapo mlangoni. Kitambaa kilikuwa kizuri. Sitasema vingine. Maua arobaini, hakuna mawili yaliyofanana, mengine yamepinda. Nilimwambia yote tukiwa tumepiga magoti mbele ya sanduku.

"Lakini tumemwombea kila Jumatano," alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imepotea. "Kuna bibi pale hata macho hayana nguvu, kajichoma vidole vyote. Nikawaambie nini?"

"Waambie niliandika jambo lisilokuwa langu."

Alinitazama. Nilidhani ataniuliza zaidi. Alikikunja kitambaa maua yakiwa ndani, akakiweka chini kabisa, chini ya viatu.

Jumapili asubuhi tulikuta mabenchi matatu yamepangwa nje ya mlango. Aliyeyaleta hakuwepo. Fundi hakupanda, wala mumewe, na duka lilifungwa. Kiongozi wa wageni, mchungaji ambaye bado hakuwa ameambiwa lolote, alihubiri vizuri kwa watu kumi na moja. Mwisho akauliza kwa furaha, "Na yule dada yetu fundi yuko wapi?" Mume wangu akanitazama, tayari kusema anaumwa, niliona neno liko mdomoni mwake.

"Hayupo kwa sababu yangu," nilisema.

Kiongozi akaomba baraka, tukaimba wimbo wa kufungia. Jumatatu waliondoka.

Jumatano mchana mume wangu alikuwa ametoka, Kibiriti yuko shule. Mpiga rangi alikuja kuchukua mabenchi. Alibeba la kwanza, akashuka, akapanda. Alibeba la pili. Aliporudi kwa la tatu, alilikalia. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya bluu iliyokauka.

"Ameniambia," alisema.

Nilikaa kwenye kiti, mbali naye kidogo.

"Jikoni. Amesimama. Kaniambia kama mtu anayesoma vipimo vya mteja: mwaka fulani, hospitali fulani, siku ya tatu. Akamaliza, akaenda kulala." Alikwangua rangi kwenye ukucha. "Wewe umejua tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu." Alitikisa kichwa polepole. "Tuna miaka ishirini na sita ya ndoa. Sina hasira na mtoto. Ningemwambia hivyo, kama angekaa nisikie." Akaniangalia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba. "Alipokuambia wewe, alikuwaje? Alilia? Alisema alimpa jina? Kwangu hataki kurudia. Niambie wewe. Ulikuwepo."

Nilikuwa na yote. Pini zilizotoka moja moja, mkono uliopimwa mara mbili, ile *sijui naangalia nini*. Kwa siku sita hakuna mtu aliyekaa nami akitaka kusikia neno langu, na huyu alitaka kila neno. Pengine yangemsaidia. Mpaka leo sina hakika.

"Muulize yeye, kaka," nilisema.

"Nimeuliza!"

"Muulize tena. Si yangu."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Leo ndiyo umepata kifuniko?"

"Leo."

Kisha akainuka, akaweka benchi begani, akageuka kwa shida ili lisikwaruze ukuta aliopaka mwenyewe. Nilimsikia akishuka ngazi moja moja. Chini alisimama. Sikusikia mlango wa mbele. Nilisikia mlango wa duka, kisha sauti yake, ndogo, ikiuliza kitu, na baada ya muda mrefu sauti ya Fundi ikijibu. Sakafu ilikuwa nyembamba. Ningesogea hatua tatu ningeyashika maneno.

Nilichukua mkoba nikatoka kwa ngazi ya nyuma, nikaenda kumsubiri Kibiriti nje ya geti la shule, ingawa ilikuwa bado saa nzima na nusu.