Mwanga wa Kushoto

Jumatatu asubuhi mpima ardhi mstaafu alipima chumba cha shangazi yake kwa utepe wa chuma, akakipima mara mbili, maana kipimo kimoja si kipimo. Urefu mita tatu na robo, upana mbili na nusu, dirisha moja linalotazama barabara. Chini ya dirisha ingekaa meza ya kufungia nzi. Nzi wenyewe ni wa bandia, manyoya na uzi vinavyofungwa kwenye ndoana mpaka samaki adhani ni mdudu wa kweli aliyetua majini. Kazi hiyo inataka mkono mtulivu na mwanga unaotoka kushoto. Kilichokuwa njiani ni kitanda.

"Kinakula nafasi," alimwambia mkewe.

"Na aliyelala juu yake?"

"Atakaa stoo. Stoo kuna utulivu."

Nyumba ilikuwa ya shangazi. Aliijenga kwa cherehani, na humo akamlea mpima, mtoto wa kaka yake, tangu ana miaka minne. Mtoto alipotoka shule, shangazi alimpa upande wa dirisha asome, yeye akasogeza cherehani yake ukutani penye kiza, akajidunga vidole bila kunung'unika. Wanasema hisani haiozi. Hii ilihamishiwa stoo kabla ya saa sita, pamoja na godoro lake. Miguu ya shangazi haikuwa na nguvu tena, kwa hiyo alibebwa.

"Niachie dirisha, mwanangu," alisema. "Barabara ndiyo iliyonibakia."

"Stoo kuna ubaridi mzuri, shangazi," mpima akajibu, jambo ambalo hakuulizwa.

Akafunga jiliwa dogo la kushikia ndoana ukingoni mwa meza. Akapanga nyuzi kwa rangi, nta, mkasi, na manyoya ya shingo ya jogoo katika kabati la droo kumi na mbili. Alipoketi hakuona kitu. Nje jua la saa nane liliwaka vizuri, likafika dirishani, likaishia hapo. Mkewe akaita kutoka koridoni kwamba mwanga uko huku. Ulikuwa stoo, kusiko na dirisha, umetulia usoni pa shangazi, mweupe, wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano.

Mpima alinunua taa ya shingo ndefu. Iliwaka, na mwanga wake ukainama, ukatambaa sakafuni na kupita chini ya mlango wa stoo. Fundi umeme aliitwa, akakagua waya, akafunga mkoba wake.

"Waya mzima, mzee. Mwanga umemfuata bibi. Mrudisheni kitandani kwake, basi."

"Na meza?"

"Hilo si la umeme."

Alhamisi mpima alimtoa shangazi stoo. Njia nzima shangazi alitabasamu, maana alidhani anarudishwa. Akaketishwa kwenye stuli kushoto kwa meza, mgongo kwa dirisha, uso kwenye jiliwa. Mwanga ukawa safi kabisa. Mpima alimsogeza mbele, akamrudisha nyuma, akamwinua kidevu, na alipopata pembe akapigilia misumari sakafuni kuzunguka miguu ya stuli, kama alivyozoea kuweka alama za mipaka. Katika miaka yake yote kazini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba alimmegea kiwanja.

Hapo shangazi alikaa kutwa, kila siku. Nzi walitoka wazuri ajabu. Wenzake wa klabu ya uvuvi walisema hawajaona mafundo madogo kama yale, naye akawaambia siri ni mwanga wa asili.

Wiki ya tatu mwanga ulianza kufifia.

"Mgongo unamuua," mkewe alisema. "Angalau mgeuze atazame nje."

"Nikimgeuza, mwanga unakwenda nje."

Alisema kweli. Walikuwa wamejaribu Jumapili, na mwendesha baiskeli mmoja alishuka akajifunika macho.

"Shangazi, unataka nini ili urudi kama mwanzo?" mpima akauliza.

"Kulala kitandani kwangu. Pale dirishani."

Mpima akachukua utepe. Kitanda kingeingia. Meza ingebaki, na mwanga ungetoka kushoto vilevile. Kabati la manyoya tu ndilo lingehamia stoo. Alipima mara ya pili, vipimo vikawa vilevile. Mkewe alisimama mlangoni akisubiri, na shangazi naye alisubiri, ameshika ukingo wa stuli kwa mikono miwili.

Mpima akauviringisha utepe.

"Stoo kuna unyevu," alisema. "Manyoya yataoza."

Mkewe alikwenda jikoni akafungua bomba, akaliacha litiririke bila kuosha chochote. Mpima aliisogeza stuli karibu zaidi, akahamisha misumari, akaendelea na kazi, kwa kuwa mashindano ya klabu yalikuwa kesho. Nzi wa mwisho alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Alipofika kwenye fundo la kumalizia, chumba kikawa giza tii. Ilikuwa saa sita mchana. Shangazi alikuwa amefumba macho.

"Fumbua macho, shangazi. Bado fundo moja."

Shangazi akafumbua. Kisha, bila kuambiwa, akainamisha kichwa kidogo upande, kama alivyompisha mtoto mwanga zamani asome, ili kivuli cha mkono wa mpima kisiangukie uzi.