Kichwa cha Kila Ijumaa

Kichwa kilimwuma Mohdhar kila Ijumaa. Siku nyingine alikuwa mzima. Hilo ndilo lililomshughulisha mamake, Bi Umulkheir, akiisoma barua ya mwanawe mara ya tatu ukumbini kwake Lamu. Mohdhar alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, Uingereza. Daktari wa chuo alimpima macho, damu na kifua, asione kitu. Sasa alisema maradhi yasipokoma kabla ya mitihani, kijana atarudishwa kwao.

Bi Tima, mdogo wake Umulkheir, hakuhitaji barua. Ni husuda, alisema, apelekewe hirizi. Umulkheir akamwuliza ni hasidi gani huyo anayefanya kazi Ijumaa tu.

Akarudi kwenye barua. Mohdhar alikuwa ameandika, kumfurahisha mamake, kwamba hajasahau ada: kila Ijumaa huwasha makaa kwenye chetezo, akajifukiza udi, yeye na nguo zake. Dirisha hulifunga na mlango akauziba kwa blanketi, baridi isiingie na mwenye nyumba asilalamikie harufu.

Umulkheir alijifukiza tangu utotoni na kichwa hakijamwuma. Lakini nyumba yake ilikuwa wazi hadi uani, na upepo ukipita utakavyo. Angejuaje chumba kilichozibwa kinavyokuwa?

Asubuhi ya pili akatia makaa kwenye chetezo, akaingia chumba cha ndani kabisa, akaziba mlango kwa mkeka na matambara. Tima aliwekwa nje, aite kila mara. Jibu likichelewa, afungue.

"Umulkheir!"

"Nipo. Nanukia kama biharusi."

"Wa miaka hamsini. Toka, usinitie wazimu."

"Wewe ita tu."

Tima aliita tena na tena, na kila mara alijibiwa kwa kejeli. Kisha kejeli zikapungua, likabaki "naam" tupu. Alipoita mara nyingine hakujibiwa. Tima akausukuma mlango kwa bega.

Umulkheir alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, miguu haimtii. Tima akamburura hadi uani, naye Umulkheir akatapika hapo. Alipoweza kusema, alisema, "Kitwa chanipasuka. Ni makaa, Tima. Si mtu."

Tima alilia, akamtukana, akamletea maji.

Adhuhuri haijaingia, Umulkheir alikuwa posta, uso umemparama, akimwambia karani ampelekee Mohdhar simu ya maandishi: MAKAA SUMU. USIWASHE NDANI. FUNGUA DIRISHA. Kisa kizima akakieleza kwa barua iliyofuata.

Jibu la Mohdhar lilifika baada ya wiki tano. Ijumaa nne zilipita bila maumivu, na Mohdhar angefanya mitihani. Simu ile alimwonyesha daktari, naye akazunguka vyumba vya wanafunzi wageni, akakuta wawili wakiota moto wa makaa, madirisha yamezibwa kwa magazeti. Wote wawili walikuwa wakilalamikia vichwa. Daktari alitaka kujua mama alikaa mle muda gani kabla ya kulegea.

Umulkheir akachukua kalamu. Aliandika kwamba hajui, kwani muda wote alikuwa akigombana na Tima, na kwamba daktari akitaka hesabu kamili ajifungie mwenyewe, ila aweke mtu mlangoni.