Fataki kwa Wote

Edgar alipotundika kitambaa chake kwenye gulio la Kakese, kimeandikwa kwa herufi nyekundu FATAKI KWA WOTE, waliokuja juu kwanza walikuwa akina mama wenye mabinti sekondari. Fataki kwao ni lile jibaba lenye pikipiki na chipsi linalowavizia wanafunzi njiani, na sasa limefikia hatua ya kujitangaza kwa bango! Walimwendea mwenyekiti wa kijiji, Masunga, wakitaka mtu akamatwe siku hiyo hiyo. Masunga alicheka mpaka akashika mbavu, akawaeleza kuwa ni zile baruti za mwaka mpya, zinapanda juu na kupasuka rangi. "Aa, kumbe ni hizo," wakasema, na hasira zikaisha. Wakanunua.

Nyanzala alisimuliwa hayo akiwa anapalilia mahindi yake. Hakucheka. Alitema mate pembeni ya tuta akaendelea na jembe, akiwaza kwamba wale akina mama walikuwa na akili zaidi kabla hawajaeleweshwa.

Edgar alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Ana duka karibu na stendi ya Mpanda, na kila akienda Dar kufunga mzigo anarudi na kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Mwaka mmoja ilikuwa miwani inayowaka taa. Mwaka huu zilikuwa fataki, maboksi kwa maboksi, na mji ulipomaliza Krismasi bila kuyamaliza, Edgar akakumbuka kwamba ana ndugu vijijini. Huyo ndiye Edgar. Undugu humjia mzigo unapododa.

Kijiji kilikuwa na mlio wake tayari. Nyumba ya Nyanzala ni ya mwisho. Nyuma ya mahindi yake ni pori, na tembo wakitoka huko, sahani ya kwanza ni ya kwake. Miaka michache nyuma askari wa wanyamapori walikuja kufundisha walinzi wa mashamba, yeye akiwa mwanamke pekee kati yao, wakawaachia baruti za kishindo. Kijiji kikakubaliana kwamba milio mitatu ikifuatana, tembo wameingia. Kila mwenye miguu abebe debe, ngoma, tochi, chochote, akimbilie ulikotokea mlio. Wasukuma, ambao ndio wengi hapa, hawakuhitaji darasa kwa hilo. Walishakuwa na mwano wao, ule ukelele wa hatari ambao ukiusikia huulizi, unatoka, na usipotoka sungusungu wanakuja kukuuliza wao. Baruti ilikuwa mwano unaofika mbali zaidi, basi. Na ilifanya kazi, kwa sababu tembo hakuogopa kishindo chenyewe sana. Aliogopa umati uliokuja nyuma ya kishindo.

Mara moja tu mlio haukupigwa. Ilikuwa mwaka jana, Nyanzala akiwa ndani anaomboleza mume, hakuna aliyekaa zamu. Asubuhi ya matanga akakuta shamba limekuwa uwanja. Mwaka mzima uliofuata alikwenda na beseni kwa Christina, mke wa Edgar, kuomba unga. Christina alimpa unga, na kila alipompa unga alimpa na maneno juu yake: kwamba wengine hawajui kutunza, kwamba mjane lazima ajifunze kujitegemea. Nyanzala aliyameza yale maneno pamoja na ugali. Alipopanda mahindi ya mwaka huu alijiapia kitu kimoja tu, kwamba lile beseni halitavuka tena kizingiti cha Christina.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ulipoitwa mwezi wa pili kujadili fataki, alifika mapema na kukaa mbele.

Mkutano wenyewe uliitwa kwa ajili ya Bibi Specioza, ingawa wengi walikuja kumcheka. Specioza aliingia kambi ya wakimbizi ya Katumba mwaka sabini na tatu, mtoto mdogo mgongoni mwa mama yake, wametoka Burundi kwa miguu, na hapa Kakese aliletwa na ndoa. Usiku wa mwaka mpya, mara ya kwanza Edgar kupasua vitu vyake kijijini, Specioza aliwakusanya wajukuu, akabeba mkeka na chumvi, akaondoka. Walimkuta barabara ya Mpanda. Watu walikicheka kisa hicho wiki nzima, watu wazima wenye watoto, na waliokicheka zaidi ni wale ambao maishani mwao hawajawahi kukimbia kitu kikubwa kuliko mvua.

"Mimi sisemi fataki ni dhambi," Nyanzala alisema aliposimama. "Nasema kelele hii tulishaipa maana hapa kwetu. Ukimuuzia kila mtu kelele, umemuuzia na maana yake. Zibaki kwa walinzi. Anayetaka furaha apige ngoma."

Edgar aliinuka akirekebisha kola. "Shem, na heshima zote. Hii ni biashara huria. Hawa ni watu wazima, wana akili zao. Sasa unataka mtu akifurahi aombe kibali kwako?" Watu wakapiga makofi. Akanogewa. "Halafu nyie milio yenu si mitatu? Wananchi watapiga mmoja mmoja. Nani hapa hajui kuhesabu mpaka tatu?"

"Mtu akishafurahi anahesabu?" Nyanzala akauliza.

"Shem wangu, acha ushamba. Dar wanapiga kila wikiendi na hakuna aliyekufa."

"Dar mna tembo?"

Walicheka, lakini walimcheka yeye. Kisha kila jicho likamgeukia Masunga, ambaye alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena. "Wote mna hoja," alisema. "Mimi kama mwenyekiti naomba busara itumike."

Nyanzala alimkodolea macho. Mwanaume mzima, kakalia kiti cha kijiji, kaumiza kichwa jioni nzima, na alichozaa ni busara itumike. Busara ya nani? Ingetoka wapi, katika ule mkusanyiko? Edgar alifunga mkutano kwa kupasua moja ya kijani kama shukrani, na Masunga akaipigia makofi kwa mikono miwili.

Specioza alikuwa ameziba masikio kwa khanga. Nyanzala alimshika mkono wakaondoka wote wawili.

Baada ya hapo kijiji kikaingia wazimu. Mtu kanunua pikipiki, fataki. Timu imefunga goli, fataki, na wakifungwa wao wanapiga za kujiliwaza. Mtoto kaota jino. Mbuzi kazaa mapacha. Manyanda, mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alipiga za kusherehekea dume jipya, na dume likavunja zizi likaondoka na nusu ya kundi; aliwatafuta siku tatu, na alipowapata alipiga nyingine kwa furaha ya kuwapata. Nyanzala alipoambiwa hilo alikaa chini. Alijaribu kumchukia Manyanda akashindwa, kwa sababu chuki inataka mtu mwenye kichwa.

Na porini tembo walikuwa wanasikia. Miezi mitatu walisikia vishindo ambavyo nyuma yake hakuja mtu wala debe. Mnyama yule si mjinga, na mlinzi yeyote wa shamba analijua hilo.

Ikafika Mei, mahindi yakakauka vizuri. Wiki moja tu ilibaki kuvuna. Na Jumapili ile, wageni wakaja kutoka Mishamo kumposa Kabula, binti yake Nyanzala. Kijiji kizima kilijua. Kwa mila, kiti cha baba wa binti kilikuwa cha Edgar, baba yake mdogo, kwa kuwa baba mzazi hayupo. Edgar hakuja. Jumapili kuna gulio, na gulio kwake ni siku ya mauzo. Alituma kreti la soda kwa bodaboda na ujumbe kwenye simu: *Jioni nakuja kuwapa heshima yenu.* Wageni walikiangalia kile kiti kitupu kwa adabu, na mzee wao akauliza kama baba yuko safari. Nyanzala alisema ndiyo, yuko safari. Aibu ile aliibeba mwenyewe.

Hata hivyo maneno yalikwenda vizuri, mahari ikaeleweka, wageni wakaondoka jua likiwa bado lipo. Kabula alikuwa anaosha sahani nyuma ya nyumba. Nyanzala hajabadilisha hata kitenge chake cha heshima aliposikia bua likivunjika. Kisha mabua mengi kwa pamoja, kama mtu anasukuma ukuta kupita kwenye mahindi.

Walikuwa wametoka mapema mno, jua linazama. Aliiona migongo yao, ya kijivu, juu ya mahindi yake.

Hakupoteza muda. Alichukua kopo la baruti, akapiga mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu, ikifuatana vizuri kama walivyofundishwa. Tembo mkubwa aliacha kutafuna. Nyanzala akasimama na debe mkononi, akisikiliza upande wa kijiji, akisubiri miguu.

Vikaja vigelegele.

Vilianzia nyumba za karibu, vikapokelewa na za mbali, vikaenda hadi gulioni. Kabula alikuja mbio na mikono yenye povu. "Mama," alisema, "wanatushangilia. Wanadhani ni posa."

Nyanzala alimpigia Masunga. Simu ilipokelewa mara ya kwanza. Nyuma yake palikuwa na makelele na ngoma. "Mwenyekiti, tembo wa..." "Hongera mama!" Masunga alipaza sauti. "Tumesikia! Tunakuja wote!" Akakata. Alipompigia tena simu iliita mpaka ikachoka.

Basi akapiga mwano. Aliupiga kwa kifua chote, ule ukelele mrefu aliofundishwa na bibi yake, ambao kwa miaka yote watu walikuwa wakiusikia wanaacha chakula mdomoni. Hapo hapo upande wa gulio kitu kikapanda angani kikapasuka chekundu, kisha cha kijani, kisha cha bluu. Edgar alikuwa anatoa heshima. Mwano ulikufa chini ya zile rangi, na waliousikia nusu waliusikia kama furaha.

Mtu mmoja tu alikuja. Specioza alitokea kwenye njia akikimbia, mwanamke wa miaka ile, sufuria mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Kishindo kwake hakijawahi kuwa furaha, kwa hiyo hakuwa na cha kukosea. Hakuuliza kitu. Alisimama kando ya Nyanzala akaanza kupiga.

Wanawake watatu, debe, sinia na sufuria. Tembo mkubwa aliwatazama, akapepea masikio, akasubiri kidogo kuona kama kuna wengine nyuma yao. Hakuwaona. Akarudi kula. Walikula bila haraka, mstari kwa mstari, mama akimvunjia mtoto bua, na walichoshindwa kula walikilaza kwa miguu. Nyanzala alipiga debe mpaka likapasuka. Akapiga ardhi kwa fimbo tupu. Kabula alimshika mabega, na ndipo akaacha.

Giza lilipoanza kukaa, tembo walikuwa wamerudi zao porini. Na kwenye njia ya kijijini ukaja wimbo.

Walikuja wengi, kweli kabisa, kijiji kizima. Wamevaa, wamejipaka mafuta. Masunga mbele na kofia yake, Edgar na boksi kwapani, Christina akiwa na sinia la soda kichwani, anapiga vigelegele kuliko wote. Walijaza uwanja wa nyumba wakicheza. Shamba lilikuwa nyuma yao gizani na hakuna aliyegeuza shingo.

"Shem!" Edgar alimkumbatia. "Samahani kwa mchana, biashara si unaijua. Sasa ndiyo nimekuja kama baba. Tumesikia milio tukajua tayari, kimeeleweka!"

"Mliisikia?" Nyanzala aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Yote mitatu!" Christina alijibu kwa raha. "Tena tulihesabu!"

Specioza alikaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa, sufuria mapajani. Kabula alianza kulia, na shangazi mmoja akamsifu, kwamba binti anayelia siku ya posa ana malezi. Nyanzala aliwatazama mmoja mmoja, kuanzia kofia ya Masunga hadi viatu vya Edgar, na hakuona hata mmoja wa kugombana naye.

"Umebakiwa na nyingine humo?" alimuuliza Edgar, akionyesha boksi.

"Nimekuwekea kubwa kuliko zote, shem."

"Ipige. Kule, upande wa shamba."

Edgar aliichomeka ardhini, akaiwasha, akarudi nyuma akicheka. Ikapanda, ikapasuka nyekundu, ikakaa juu muda mrefu kama alivyoahidi kwenye gulio, na chini yake shamba lote likaonekana mpaka porini, limelala. Wimbo uliishia kwa waliokuwa mbele. Walioko nyuma waliendelea kidogo, kisha nao wakanyamaza. Christina aliteremsha sinia kichwani.

"Karibuni," Nyanzala alisema. "Ila mmechelewa. Wageni wameshakula."